Maji ya Kuoshea Utando

Siku wageni walipokuja, utando uligoma.

Wageni walikuwa wanne, wawili wa wizarani na wawili wa shirika lililokuwa linafikiria kuufadhili utafiti, na wote walivalishwa makoti meupe yaliyonunuliwa wiki hiyohiyo, mikunjo ya dukani ikionekana bado mabegani. Daktari, mkuu wa maabara, aliwaeleza kazi yake kwa sauti ya mtu aliyejizoeza mbele ya kioo. Kigae cha kioo kigumu kisichoogopa moto hupakwa madini ya titani, utando mwembamba ambao ukiuparuza kwa ukucha umekwisha. Utando huo huoshwa kwa maji safi, hukaushwa, huingizwa kwenye tanuri na kupashwa moto polepole mpaka nyuzi joto mia saba. Ukitoka humo si utando tena. Unakuwa umeota vijiuzi vyeupe vya oksidi ya titani, vyembamba kuliko unywele mara mia, vimepitana na kusukana vyenyewe mpaka vimekuwa wavu. Wavu huo ukiutia ndani ya maji machafu na kuyaweka juani, vijidudu vinakufa.

“Bila umeme, bila dawa,” alisema Daktari. “Jua tu.”

Kisha akamkaribisha mgeni mkubwa kwenye hadubini. Mgeni akainama, akafumba jicho moja, akakaa hivyo kwa muda, akainuka.

“Mimi naona kitu kama ukuta uliopakwa chokaa,” alisema.

Daktari alicheka, akainama mwenyewe, na kicheko kikamkatikia hapohapo. Hapakuwa na wavu. Palikuwa na weupe mtupu, laini, kama chokaa kweli. Akageuka kumtazama mtu aliyesimama kando ya tanuri, mikono nyuma, akiwa na koti lake la zamani lililoungua mkono wa kulia.

“Ndio mafundi wetu hawa,” aliwaambia wageni. “Unamfundisha mtu miaka kumi na tisa, bado anakuunguzia chakula.” Wageni wakacheka kwa adabu, maana wao hawakuwa na haja ya kujua nani alimfundisha nani.

Sisi tunajua. Fundi yule alikuwa ameliendesha tanuri lile tangu linafunguliwa kwenye sanduku lake. Wenzake walimwita Taratibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumfanya aharakishe moto. Alikuwa akiupandisha nyuzi mbili kwa dakika, hazizidi, naye amekaa pembeni kwenye stuli anaangalia namba. Wanafunzi wakimhimiza, aliwaambia kwamba hata wali ukiuharakisha utakula ukoko. Na Daktari mwenyewe, miaka tisa nyuma, alikuwa mmoja wa wanafunzi hao, kijana mwembamba asiyejua kufungua mlango wa tanuri bila kuunguza nyusi. Siku hizo alikuwa akimwamkia Taratibu kila asubuhi kwa heshima zote. Alipopata shahada, maamkizi yakawa “habari ya kazi”. Makala yake ya kwanza kuhusu wavu ilipochapishwa, ikawa “fundi” tu, bila habari.

Wageni walipoondoka Daktari alimwita ofisini. Alimwacha amesimama huku akimaliza kuongea na simu, na alimaliza bila haraka. Halafu akamwambia kwamba mara ishirini na sita alimletea wavu, na leo mbele ya watu kamletea chokaa. Ama alikuwa anamdanganya zile mara ishirini na sita, ama leo kamhujumu. Achague.

“Nimefanya vilevile kama siku zote, Daktari.”

“Basi andika hivyohivyo. Jumatatu asubuhi nataka maelezo yako mezani. Na unakumbuka mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi.”

Alikumbuka. Mkataba ndio uliompa nyumba, na nyumba ndiyo iliyompa kila kitu kingine.

*

Nyumba yenyewe ilikuwa namba tisa kwenye makazi ya wafanyakazi, vyumba viwili na kibaraza, na nyuma yake uwanja mdogo wenye jiko la kuni na kisima. Haikuwa nyumba ya kujivunia, lakini ilikuwa chini, sakafu yake sawa, haina hata ngazi moja. Jambo hilo lilikuwa kubwa kuliko mtu anavyoweza kudhani, kwa sababu mama yake Taratibu aliishi nao, na magoti ya bibi huyo yalikuwa yamekufa zamani. Kwa mkongojo wake aliweza kutoka kitandani mpaka kibarazani, kutoka kibarazani mpaka uwanjani, na huko akashinda na watu. Binti yao mmoja alikuwa na miezi minne tu kabla ya mtihani wake wa mwisho, na shule ilikuwa ng'ambo ya ukuta.

Mkewe alikuwa anaanika nguo aliporudi. Alimtazama mara moja tu, akajua. Mwanamke huyu hakuwa na mazoea ya kuuliza “vipi”; aliweka beseni chini, akafuta mikono, akasubiri. Taratibu akamsimulia yote, mpaka ile ya kuunguza chakula.

“Kuna kitu umebadilisha,” mkewe alisema.

“Sijabadilisha chochote, mama watoto.”

“Mchuzi haubadiliki ladha wenyewe. Haya, nihesabie.”

Akamhesabia. Moto ni uleule. Kioo ni kilekile, titani imepakwa siku moja na ile ya wiki iliyopita. Muda uleule. Tanuri lilelile, na mlango aliufunga mwenyewe.

“Na maji?”

“Maji walinunua. Chupa zimefungwa na karatasi zake, za maabara kabisa. Kwa ajili ya wageni.”

“Kwa hiyo leo hukutumia ya hapa.”

Taratibu alitazama uwanjani, kwenye pipa la maji. Akakaa kwenye kizingiti.

Sasa hapa lazima tueleze, maana ndipo kosa lilipo, na lilikuwa kosa la mtu mwema. Maabara ilikuwa na mtambo wa kutengenezea maji, ule unaochemsha na kukusanya mvuke. Ulikufa miezi kumi na moja nyuma. Taratibu aliandika barua tatu. Ya kwanza ilijibiwa “tutaangalia”. Ya pili ilijibiwa “tutaangalia” kwa mwandiko mwingine. Ya tatu haikujibiwa, ila Daktari alimkuta kwenye ukumbi akamwambia, akitembea, “Mzee, jiongeze bwana.” Aliomba hata maji ya betri, yale yanayouzwa vituo vya mafuta, akaambiwa hayamo kwenye bajeti. Maji ya bomba la maabara yalikuwa na kutu, yakikauka juu ya utando yanaacha madoa mekundu. Lakini nyumbani kwake, kwenye pipa la mkewe, kulikuwa na maji ya kisima chao, meupe kama machozi. Basi akajiongeza. Kila Jumatatu alifunga madumu mawili nyuma ya baiskeli, akayafikisha maabara, akayachemsha na kuyachuja kwa kitambaa. Na kwenye daftari la kila siku, penye safu iliyoandikwa “maji”, aliandika “safi”. Safu ilikuwa nyembamba, haikuwa na nafasi ya hadithi.

“Wavu ule ulikuwa unaota kwa sababu ya maji yetu, haukuwahi kuota kabla sijaanza kuyabeba,” alisema sasa, na sauti yake haikuwa ya mtu mwenye hofu. Ilikuwa ya mtu aliyeonyeshwa kitu kizuri.

Mkewe hakuona uzuri wowote. Alimwambia anyamaze. Aseme tanuri lilichezewa na umeme, aseme lolote, Jumatatu abebe maji yake kimyakimya, wavu uote, mambo yaishe. Kibarazani yule bibi aligonga mkongojo sakafuni.

“Mwanangu, njia ya mwongo ni fupi.”

“Ni kweli, mama,” mkewe akajibu. “Na ya mkweli nayo wakati mwingine inamfikisha mlangoni tu, akaambiwa atoke.”

Walibishana Jumamosi nzima na nusu ya Jumapili. Mwishoni Taratibu aliamua kusema, na tusimpambe kwa ushujaa asiokuwa nao. Alitaka kujua. Alitaka kukiweka kigae cha maji ya duka na kigae cha maji ya nyumbani ndani ya tanuri moja, upande kwa upande, auone wavu ukitokea huku na kukosekana kule. Alikuwa mtumishi wa kazi ile kuliko wa mtu yeyote.

*

Jumatatu alifika na dumu moja mkononi na hana barua. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatisha, jambo ambalo lilikuwa halijatokea miaka mingi. Hakukasirika. Aliuliza swali moja tu, kwamba vigae viwili vitachukua muda gani, akaambiwa saa saba.

Walikaa saa zote saba pamoja. Daktari alivuta kreti akalikalia, akakunja mikono ya shati, akaanza kukumbuka zile siku za nyusi, wakacheka wote wawili. Taratibu alimgawia viazi vya kuchemsha alivyofungiwa na mkewe, naye akala kwa mkono. Kama kuna wakati fundi huyu alidanganywa bila mtu kusema uongo, ni saa zile.

Kigae cha maji ya dukani kilitoka chokaa. Kigae cha maji ya nyumbani kilitoka wavu, mzito na sawasawa, kuliko wowote uliotangulia. Daktari aliinuka kwenye hadubini, akamkumbatia.

“Mzee wangu,” alisema. “Umetuokoa. Nani mwingine anajua hili?”

“Mke wangu na mama.”

“Basi libaki hapo. Sasa nifanyie kitu kimoja. Niandikie yote. Tangu siku mtambo ulipokufa. Madumu, kuchemsha, kitambaa, ulichoandika kwenye daftari, usiache kitu. Halafu weka sahihi.”

Taratibu aliandika kurasa nne kwa mwandiko wake wa shule, herufi zimelala upande mmoja. Alichukua jioni mbili, na binti yake alimsahihishia nukta. Hakuna mtu aliyewahi kumwomba aandike juu ya kazi yake. Alimsomea mama yake ukurasa wa kwanza kibarazani, na bibi, ambaye hakuelewa titani ni mnyama gani, alisema imeandikwa vizuri sana.

Kwa siku tisa aliitwa “mzee wangu”. Siku ya kumi afisa utumishi alimwita.

Afisa huyo alikuwa mama mmoja asiye mbaya, na kwa sababu hakuwa mbaya alisoma barua haraka, macho chini. Kamati imekaa. Mfanyakazi amekiri kwa maandishi, kurasa nne, kwamba kwa miezi kumi na moja ametumia maji yasiyoidhinishwa na kuandika taarifa isiyo sahihi kwenye daftari la maabara. Kwa kukiuka taratibu, mkataba hautaongezwa. Kule chini, kwenye karakana, wenzake walipoisikia walishindwa kujizuia, wakasema Taratibu kafukuzwa kwa kukiuka taratibu, wakacheka sana, halafu wakaona aibu, mmoja akamletea chai.

“Kuna na la nyumba,” afisa alisema. “Kawaida ni miezi mitatu. Hii yako ni siku kumi na nne.”

“Kwa nini yangu?”

“Kisima.” Mama yule alionekana kama anaomba msamaha kwa niaba ya karatasi. “Daktari ameandika kwamba kile kisima ni chanzo cha malighafi ya utafiti. Nyumba inatakiwa iwe wazi, izungushiwe.”

Taratibu alikwenda kwa Daktari. Alikwenda akiwa na hasira, na njiani hasira ikamponyoka, kwa sababu hakuizoea. Daktari alimwambia alimtetea mpaka sauti ikamkauka, lakini kamati ni kamati. Juu ya meza yake kulikuwa na makala mpya iliyokwisha kuchapwa, kuhusu mchango wa madini ya asili ya kisima katika kuotesha wavu wa oksidi ya titani, na jina juu yake lilikuwa moja. Taratibu alilisoma akiwa amesimama, kwa kuipinda shingo. Daktari akaigeuza karatasi kifudifudi.

“Na funguo za tanuri, mzee,” alisema. “Ziache kwa mapokezi.”

*

Watu wa kisima walikuja siku ya tatu kabla hata familia haijaanza kufunga vitu. Walikuwa wadada wawili wasaidizi wa utafiti, wamevaa glavu, na sanduku la chupa zenye lebo. Walimsalimu mke wa Taratibu vizuri. Kisha wakamwomba asogeze kamba ya nguo, maana nguo zake zinadondosha sabuni karibu na kisima.

“Hizi zimesuuzwa,” alisema.

“Ni kwa usalama tu, mama.”

Akaisogeza. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti chake uwanjani, akaombwa naye asogee. Alisogezwa na kiti chake, mdada mmoja kila upande, mkongojo ukabaki pale alipokuwa. Wakatumbukiza ndoo yao mpya, wakaivuta, wakajaza chupa moja moja. Maji ya kisima kile yalitoka kama yalivyotoka siku zote, rangi ya chai iliyokosa maziwa, na chembe za udongo zikizunguka ndani. Mdada mmoja aliinua chupa juani, akasema ni vizuri, yanaonekana yana madini mengi.

Mke wa Taratibu alisimama mlangoni anawatazama. Maji waliyokuwa wanabeba hayakuwa maji aliyokuwa anabeba mumewe, na hapo uwanjani ni yeye peke yake aliyejua hivyo. Tangu wahamie nyumba ile, kila jioni alichota majivu ya kuni jikoni, akayafunga kwenye kitambaa, akayazungusha ndani ya pipa mpaka maji yakawa na utelezi kidogo vidoleni, akafunika. Asubuhi udongo umelala chini na maji ya juu yanaonyesha mpaka msumari wa pipa. Alifundishwa na mama yake. Mumewe, anayejua moto kwa nyuzi zake, hakuwahi kuuliza maji ya chai yake yanakuwaje meupe. Alikuta dumu limejazwa, akalifunga kwenye baiskeli. Ndivyo walivyo waume wengi, hata wazuri.

Alifungua mdomo awaambie. Kwa hakika alitaka kuwaambia, kwa sababu aliyelelewa vizuri akiona mtu anapotea njia humwonyesha. Alisema, “Wanangu, haya maji...”

“Mama,” yule wa chupa akamkatiza, akionyesha kidole, “na hilo pipa litaondoka lini? Tunatakiwa tupige utepe leo.”

Aliangalia pipa lake, akaangalia utepe wa njano mkononi mwa binti wa watu. Akasema litaondoka kesho. Akaingia ndani.

*

Chumba walichopata kilikuwa ghorofa ya tatu. Kimoja, na pazia katikati. Jiko la wapangaji wote lilikuwa mwisho wa ukumbi, na kamba ya nguo ilikuwa ya zamu, kila chumba na siku yake. Wao, kwa kuwa wageni, walipewa Jumapili, saa tisa mpaka saa kumi na moja, jua likiwa limechoka. Siku ya kuhama Taratibu alimbeba mama yake mgongoni kupanda zile ngazi. Alipumzika mara mbili. Majirani walifungua milango kutazama, na bibi, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa kusalimia, aliufunika uso wake kwa mtandio.

Taratibu alipata kibarua kwenye tanuri la mikate. Wiki ya kwanza mwenye nalo alimkuta amekaa kwenye ndoo anaangalia kipimo cha moto, akamwambia hapa hatuchomi dhahabu, mzee, washa tupike watu wanasubiri. Binti yao alitoka chumbani alfajiri kuwahi shule iliyokuwa mbali sasa, akawa anafika amechelewa, na barua ya kuchelewa ikaja.

Wiki ya tano, Jumapili saa tisa unusu mchana, simu ililia. Mkewe alikuwa ametoka kuanika, bibi amejilaza upande wake wa pazia, hajapata usingizi.

“Mzee wangu,” sauti ilisema. “Umetutupa kabisa.”

Daktari alizunguka kwa maneno ya afya na familia, halafu akafika. Kisima kimegoma. Majuma matatu wanaosha utando kwa maji yale, wameyachemsha, wameyachuja kwa kitambaa kama ilivyoandikwa ukurasa wa tatu, na wavu hauoti. Kinachotoka ni chokaa yenye madoa. Wageni wanarudi Alhamisi. Makala imeshatoka, na wenye maabara nyingine wameanza kuandika barua za kuuliza. Kuna nini kingine alikuwa anafanya? Taratibu akamjibu kwa moyo safi kwamba hakuna kingine, alichemsha na kuchuja, basi. Aliumia kwa ajili ya wavu kama vile ni mgonjwa wake. Daktari akasema afikirie vizuri, atapiga tena baada ya nusu saa.

“Amesema nini?” mkewe aliuliza.

Akamwambia. Mkewe alikaa kitandani, akasema, “Walichukua maji ya kisima. Hawakuchukua yangu.”

“Si ndiyo hayohayo?”

“Hayohayo? Wewe ulishawahi kuyanywa maji ya kile kisima?”

Na akamweleza majivu. Alimweleza kwa maneno machache, kama mtu anayeelekeza njia ya sokoni, na wakati anaeleza alimwona mumewe uso unafunguka. Alikwisha elewa. Chumvi ya majivu ilibaki kwenye utando maji yalipokauka, na ndani ya moto ndiyo iliyoviotesha vile vijiuzi. Mkono wake ulikuwa tayari umeshika simu.

“Unafanya nini?” mkewe aliuliza.

“Nampigia. Maskini wanahangaika bure.”

“Sisi tunahangaika kwa faida?”

Taratibu aliishusha simu.

“Ukimpa leo utapewa ahsante,” mkewe alisema. “Kisha ataandika makala ya majivu. Walichukua nyumba kwa sababu ya kisima, baba watoto. Wakisikia majivu watakuja kuchukua na jiko, na hapa jiko lenyewe si letu.” Akashusha sauti. “Aturudishie nyumba kwanza. Nyumba tu. Kazi tutajua.”

Nyuma ya pazia yule bibi alikohoa. Walisubiri aseme lile neno lake kuhusu njia ya mwongo.

“Mimi sijashuka chini tangu tulipokuja,” alisema. Ni hilo tu alilosema.

Simu ilipolia tena, Taratibu aliipokea amesimama. Alisema kwamba anadhani kuna kitu amekikumbuka, lakini ana ombi. Alilisema ombi vibaya, kwa kurudirudi, kwa sababu hakuwahi kuomba kitu kwa kushikilia kingine. Alisema mama hawezi ngazi, alisema binti ana mtihani, alisema nyumba iko tupu tu na utepe wake. Upande wa pili pakasikika pumzi ya mtu anayetabasamu.

“Mzee wangu, ile nyumba si yangu, ni ya taasisi. Wewe niambie kwanza, sisi si watu wa kubishana. Hilo la nyumba tutaangalia.”

Taratibu aliiondoa simu sikioni, akaitazama. Neno hilo alikuwa nalo kwa maandishi, mara mbili, kwa miandiko miwili. Akairudisha.

“Basi sijui, Daktari,” alisema. “Mimi nilikuwa nabeba tu.”

Daktari alipaza sauti, akaita jina la heshima, kisha jina lisilo la heshima, na Taratibu akamsikiliza mpaka alipokata mwenyewe. Ulikuwa uongo wake wa kwanza kazini, na kazi yenyewe hakuwa nayo. Alifikiri angejisikia nafuu. Badala yake aliuona wavu kama alivyouona siku ile ya vigae viwili, mzito na sawasawa, akajua kwamba hatauona tena, na kwamba hata mwingine hatauona, na kwamba maji machafu ya watu yataendelea kuwa machafu juani. Nyumba nayo haitarudi. Hakuna alichopata kwa uongo ule zaidi ya kuwa hakupewa ahsante.

Alikaa kitandani karibu na mkewe.

“Majivu kiasi gani?” aliuliza.

“Nini?”

“Kwa pipa moja. Ulikuwa unatia kiasi gani?”

“Makonzi mawili. Ya kuni, ya mkaa hayafai. Unayafunga kwenye kitambaa, hutii hivihivi.”

“Na unazungusha kwa muda gani?”

“Mpaka nikiona basi.”

Aliitikia kwa kichwa, kama mfanyakazi aliyepewa maelekezo, akataka kuuliza kingine. Akalia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, hana hata haya ya mama yake nyuma ya pazia. Mkewe alimwekea mkono begani, akamwacha alie. Ilipokaribia saa kumi na moja aliinuka, akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka, kwa sababu chumba cha pili kilikuwa kinaitaka kamba.